Kazi Moja, Mshahara Mmoja: Haki ya Kibarua wa Reli na wa Gari la Abiria

Mji wa Voi ulikua kwa sababu ya reli, na mpaka leo riziki ya watu wake wengi inapita barabarani na relini. Njia ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ukingo wa Ziwa Victoria mwaka 1901 ilipita hapa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza tawi lilijengwa kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta, ili kupeleka askari na mizigo mpakani. Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi nayo ikapata stesheni yake Voi. Kando ya reli yako magari ya abiria yaendayo Mwatate, Wundanyi, Bura, Taveta na Mombasa.

Katika kazi zote hizo wako watu walioandikwa kwa mwezi, na wako wengine walipwao jioni kwa jioni. Mara nyingi watu hao hushika koleo moja, hubeba mataruma pamoja, hufagia behewa moja au huhudumu katika gari moja. Lakini mwisho wa mwezi ukifika, fedha walizopata hazilingani. Ndiyo maana swali hili huulizwa sana: Je, mtu wa kulipwa kwa siku akifanya kazi ile ile afanyayo mwenzake wa mwezi, ana haki ya kupata malipo yaliyo sawa?

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi haki hiyo anayo. Lakini ina masharti yake, ina ushahidi wake, na ina muda wake. Mtu asiyejua mambo hayo matatu aweza kuwa na haki na bado akatoka mikono mitupu. Yafaa basi kueleza jambo hili tangu mwanzo wake.

NENO "KIBARUA" LILITOKA WAPI

Neno kibarua maana yake ni barua ndogo. Hapo zamani, katika pwani, mtu aliyefanya kazi ya siku alipewa kikaratasi kidogo cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, na kwa kikaratasi hicho alidai fedha zake. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Yafaa likumbukwe jambo hili, kwa kuwa asili ya neno ni ushahidi wa maandishi. Kibarua wa kwanza alikuwa na karatasi mkononi. Kibarua wa siku hizi mara nyingi hana karatasi yo yote, na hapo ndipo taabu yake inapoanza.

Waajiri walipenda kazi ya siku kwa sababu zilizo wazi. Meli zilipokuwa nyingi bandarini, watu wengi waliitwa. Zilipopungua, watu waliambiwa warudi kesho. Kazi ya reli nayo ilikuwa hivyo: mvua ikibomoa tuta, watu huitwa haraka kumwaga kokoto na kunyosha njia, njia ikitengemaa, hurudishwa makwao. Mtu wa siku hakupewa nyumba, hakupewa likizo, wala hakuhitaji notisi ya kuachishwa. Kazi inayokuja na kuondoka kweli yaweza kuhitaji mtu wa siku. Malalamiko huanza pale ambapo kazi haiondoki, bali ipo kila siku mwaka mzima, na mtu ni yule yule, lakini jina lake linaendelea kuwa kibarua.

MISHAHARA YA MADARAJA MATATU

Katika nyakati za ukoloni tofauti kubwa ya malipo haikuwa baina ya mtu wa siku na mtu wa mwezi tu. Ilikuwa baina ya rangi za watu. Katika reli na katika idara za serikali palikuwa na madaraja matatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Wajenzi wengi wa reli ya kwanza, wapatao 32,000, waliletwa kutoka Bara Hindi, na baada ya ujenzi baadhi yao walibaki kuwa mafundi, makarani na mabwana stesheni. Mwafrika alipojifunza kazi hizo hizo, alizifanya kwa mshahara wa daraja lake.

Desturi hiyo ilitiwa muhuri hata katika taarifa rasmi. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali za Afrika Mashariki na kutoa taarifa yake mwaka 1948, ilikubali kwamba mtu asiye Mzungu aliyeshika cheo kinacholingana na cha Mzungu alipwe sehemu 3 katika 5 za mshahara wa Mzungu. Maana yake ni kwamba pale Mzungu alipopata shilingi 500, mwenzake wa rangi nyingine katika cheo hicho hicho alipata shilingi 300. Tume ya Lidbury, iliyotoa taarifa mwaka 1954, ndiyo iliyoshauri viwango vya mishahara visipangwe tena kwa rangi ya mtu, bali kwa kazi yenyewe. Hata hivyo maofisa waliotoka Ulaya waliendelea kupewa posho ya nyongeza ya kuwavuta waje, kwa hiyo tofauti haikuisha kwa siku moja.

MGOMO WA JANUARI 1947

Wafanyakazi wa pwani hawakungoja tume. Tarehe 13 Januari 1947 mgomo mkubwa ulianza Mombasa. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi, wakiwamo watu wa bandari na watu wa reli, na mgomo ulidumu siku 12 hivi. Katika siku hizo chama kilizaliwa ambacho baadaye kilijulikana kama African Workers' Federation, na kiongozi wake alikuwa Chege Kibachia.

Miongoni mwa malalamiko yaliyotangazwa na chama hicho, moja lilitangulia: kwamba Mwafrika alinyimwa malipo yaliyo sawa na ya watu wa rangi nyingine waliofanya kazi ile ile. Mengine yalihusu dharau kazini, ukosefu wa posho ya mke na watoto, na kupanda kwa gharama za maisha. Serikali iliunda baraza la uamuzi chini ya Jaji Thacker, na baadhi ya wafanyakazi waliongezewa mishahara. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa, akapelekwa kukaa mbali huko Kabarnet, na chama chake kikafifia.

Jambo moja la mgomo huo lafaa kuangaliwa sana na mtu wa Voi. Mtu wa siku na mtu wa mwezi waligoma pamoja. Kama wa mwezi wangaliendelea na kazi, wa siku wangalibadilishwa kwa wengine asubuhi iliyofuata. Kidole kimoja hakivunji chawa.

HOJA YA SHAMBA

Ilikuwaje waajiri waliweza kulipa mshahara mdogo hivyo na bado wakapata watu? Jibu lake liko katika milima ya Taita kama lilivyo katika sehemu nyingi za nchi. Mshahara ulihesabiwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na jamaa. Ilidhaniwa kwamba mke na watoto wako nyumbani, shamba linawalisha, na mume yuko kazini kutafuta fedha za kodi na nguo tu. Kwa njia hiyo jembe la mwanamke wa Wundanyi au Sagalla lililipa sehemu ya mshahara ambayo mwajiri hakuilipa.

Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika Kenya, ilitoa taarifa iliyopinga hesabu hiyo. Ilisema kwamba mfanyakazi anayepata fedha za mtu mmoja tu hawezi kukaa na jamaa yake mjini, hawezi kutulia katika kazi, na kwa hiyo hawezi kuwa stadi wa kazi. Ilishauri mshahara wa chini upandishwe kwa hatua hadi ufikie mahitaji ya mtu na jamaa yake. Bandarini Mombasa vibarua walianza kuandikishwa katika miaka hiyo ya 1950, na hatua kwa hatua kazi ya siku ikageuzwa kuwa kazi ya kudumu. Mabadiliko hayo yalionyesha kwamba kibarua si aina ya mtu. Ni mpango wa kazi tu, na mpango waweza kubadilishwa.

MAMBO KAMA HAYA KATIKA NCHI NYINGINE

Dai hili halikuanzia Kenya wala halikuishia hapa. Mwezi wa Agosti 1918 wanawake waliofanya kazi katika mabasi na tramu za London waligoma. Wanaume walikuwa wamepewa nyongeza ya vita ya shilingi 5 kwa wiki, nao wanawake, waliokata tikiti zile zile katika magari yale yale, hawakupewa. Baada ya mgomo walipata nyongeza hiyo.

Katika Afrika ya Magharibi iliyotawaliwa na Ufaransa, wafanyakazi wa reli waligoma kutoka Oktoba 1947 hadi Machi 1948, wakiongozwa na Ibrahima Sarr. Reli ile ilikuwa na watu wa daraja la kudumu, wachache, na watu walioitwa wasaidizi, wengi sana, ambao wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi bila nyumba wala haki za kudumu. Dai lao kubwa lilikuwa daftari moja la kazi kwa wote, bila kutenga Mwafrika na Mzungu. Hawakupata yote waliyoyataka, lakini walirudi kazini na nyongeza ya mshahara, na baadhi ya wasaidizi wakaingizwa katika daraja la kudumu.

Mataifa nayo yaliliandika jambo hili. Mwaka 1951 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 100, unaosema kwamba wanaume na wanawake walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2001.

SHERIA INASEMAJE

Leo sheria kuu ya Kenya katika jambo hili ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Juu yake iko Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, ya kujiunga na chama, na ya kugoma. Katika Sheria ya Ajira mtu wa kulipwa kwa siku anayo milango miwili ya kupitia, na ni vema aijue yote miwili.

Mlango wa kwanza ni kifungu cha 5. Kifungu hiki kinamwamuru mwajiri awalipe wafanyakazi wake malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tena kinakataza ubaguzi wa rangi, kabila, jinsi, dini, lugha, ulemavu na mengine ya namna hiyo. Mtu akishitaki kwamba amebaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakumbagua. Lakini ni lazima ieleweke kwamba neno "kibarua" halimo katika orodha ya mambo hayo yaliyokatazwa. Mwajiri aweza kusema: "Simlipi kidogo kwa kabila lake wala kwa jinsi yake, namlipa kidogo kwa kuwa ni mtu wa siku." Hapo ndipo unapohitajika mlango wa pili.

Mlango wa pili ni kifungu cha 37. Sheria inamweleza kibarua kuwa ni mtu alipwaye mwisho wa kila siku, na ambaye haandikwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kisha inasema kwamba mtu huyo akifanya kazi siku za mfululizo zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, au akipewa kazi ambayo haitazamiwi kwisha kabla ya siku zake kufikia miezi 3, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Anahesabiwa kuwa mtu wa mwezi, ambaye hawezi kuachishwa bila notisi ya maandishi ya siku 28. Akiendelea miezi 2 au zaidi tangu siku aliyoanza, anastahili masharti yote ambayo angaliyapata kwa sheria kama asingaliandikwa kuwa kibarua hapo mwanzo.

Katika kuhesabu siku hizo, baada ya siku 6 za kazi kibarua anastahili siku moja ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo huhesabiwa ndani ya mfululizo. Basi mtu asidhani kwamba kupumzika Jumapili kumevunja hesabu yake.

Milango hii miwili hufuatana. Kwanza mdai huonyesha kwamba kwa sheria yeye si kibarua tena. Kisha, akiwa ameingia katika kundi la watu wa mwezi, huuliza: kwa nini mimi nilipwe chini ya mwenzangu tunayefanya kazi moja? Wakati huo jibu la "ni mtu wa siku" limekwisha nguvu.

MFANO WA HESABU

Ichukuliwe mfano wa watu wawili katika gengi moja la reli, karibu na Voi. Wote wawili hubadilisha mataruma na kukaza skrubu za reli, chini ya mnyapara mmoja. Wa kwanza ni mtu wa mwezi, mshahara wake ni shilingi 24,000. Wa pili hulipwa shilingi 700 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 katika mwezi, atapata shilingi 18,200. Tofauti ni shilingi 5,800 kwa mwezi. Kwa miezi 12 tofauti hiyo ni shilingi 69,600.

Tena kuna likizo. Mtu aliyemaliza miezi 12 ya kazi anastahili likizo ya siku za kazi 21 zenye malipo kamili. Kama yule wa pili hakupewa likizo, basi hata kwa kiwango chake cha chini amekosa shilingi 14,700. Jumla yake ni shilingi 84,300 kwa mwaka mmoja. Fedha hizo zatosha kulipia karo ya mtoto au kuezeka nyumba, na mtu aliyezikosa hakuona zilipokwenda, kwa sababu zilipotea kidogo kidogo kila jioni.

Serikali yenyewe inatambua kwamba siku moja ya kibarua haina budi kuwa na thamani zaidi ya sehemu ya mwezi. Katika amri ya mishahara ya mwaka 2018, kwa mfano, mshahara wa chini wa mfanyakazi wa kawaida katika Nairobi, Mombasa na Kisumu ulikuwa shilingi 13,572 na senti 90 kwa mwezi bila posho ya nyumba. Ukigawanywa kwa siku 26 unapata shilingi 522 hivi. Lakini kiwango cha siku katika amri hiyo kilikuwa shilingi 653 na senti 10. Ziada hiyo iliwekwa kwa kuwa mtu wa siku hana nyumba ya mwajiri wala uhakika wa kesho. Basi mwajiri anayeandika watu kwa siku ili alipe kidogo anaigeuza hesabu hiyo juu chini.

HABARI ZA RELI MPYA

Reli mpya ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, wanawake wa Kenya walikuwamo miongoni mwa madereva wa treni ya uzinduzi, na wengi walifurahi kuona jambo hilo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai 2018, magazeti ya Nairobi yalichapisha malalamiko ya baadhi ya wafanyakazi Wakenya wa reli hiyo, waliosema kwamba hawatendewi wala hawalipwi sawa na wageni waliofanya nao kazi. Malalamiko yaliyochapishwa si hukumu. Lakini yalionyesha kwamba swali la mwaka 1947 halijazeeka: mtu apimwe kwa nchi aliyotoka, au kwa kazi aliyoifanya?

Sheria hutoa kipimo cha kufikiria jambo hilo. Mgeni aliyeletwa kwa ustadi ambao bado haupatikani nchini aweza kulipwa zaidi kwa ustadi huo. Lakini mwenyeji akikwisha kujifunza na kuushika usukani peke yake, kwa saa zile zile na dhamana ile ile, sababu ya tofauti hiyo haipo tena.

MTU WA MATATU

Kwa dereva na makanga wa matatu mambo ni magumu zaidi. Desturi ya stendi nyingi ni kwamba mwenye gari hutaka hesabu yake kila jioni, yaani fedha alizozipanga za siku. Mafuta yakikwisha kulipwa na hesabu ikatolewa, kinachobaki ndicho cha dereva na makanga. Siku ya soko hugawana fedha nzuri. Siku gari likiharibika njiani, hurudi nyumbani bila kitu. Na mtu aliyeshika gari kwa nusu siku ili mwenzake apumzike hupata alichopewa kwa hisani tu.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2003 na Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutumika mwaka 2004, ziliagiza kwamba madereva na makondakta wa magari ya abiria waandikwe kazi ya kudumu na kulipwa kwa mwezi. Watu wengi hukumbuka mikanda ya kiti, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, lakini sehemu hii ya mshahara wameisahau. Ilikuwa na maana yake: dereva anayetafuta hesabu kabla ya jua kuzama huendesha kwa haraka, na abiria ndio wanaolipa kwa roho zao.

Kuna onyo moja kwa watu wa matatu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi katika kesi ya wafanyakazi wa kampuni ya chumvi ya Krystalline, pwani. Wafanyakazi hao walidai kwamba vibarua wa muda mrefu wamegeuka kuwa watu wa mwezi. Mahakama ilieleza kwamba kazi ya kulipwa kwa kipande, yaani kwa kadiri ya kazi iliyofanywa, si sawa na kazi ya kibarua, na kwamba kifungu cha 37 ni cha vibarua. Tena ilisema kwamba kazi ya mfululizo haina budi kuthibitishwa. Basi makanga anayelipwa kwa safari, au dereva anayechukua kinachobaki, ajue kwamba mwajiri aweza kuitegemea hoja hiyo. Ni afadhali kupata mkataba wa maandishi mapema kuliko kubishana mahakamani juu ya jina la malipo.

TOFAUTI ZILIZO HALALI

Haki ya malipo sawa haina maana kwamba watu wote wapate fedha sawa. Mtu aliyefanya kazi miaka 10 aweza kumzidi aliyeanza jana. Fundi mwenye cheti aweza kumzidi msaidizi wake. Anayelinda stesheni usiku, au anayebeba dhamana ya fedha za tikiti, aweza kupewa zaidi. Kinachotakiwa ni kwamba sababu iwe ya kweli, ihusu kazi, na itumike kwa wote.

Kadhalika "kazi yenye thamani sawa" si lazima iwe kazi ya jina moja. Mwanamke anayesafisha mabehewa na mwanamume anayepakia mizigo wana kazi mbili mbalimbali, lakini zikipimwa kwa nguvu, ujuzi, dhamana na mazingira, yaweza kuonekana kwamba thamani yake ni moja. Anayedai hutakiwa kumwonyesha mtu wa kulinganishwa naye: anafanya nini, saa ngapi, kwa malipo gani. Kusema tu "napunjwa" hakutoshi.

NAMNA YA KUDAI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ndiyo sheria ya kwanza ya kibarua. Aandike katika daftari yake kila siku aliyofanya kazi, mahali, kazi yenyewe, jina la mnyapara na fedha alizopata. Kama hulipwa kwa simu, taarifa ya M-Pesa ni ushahidi mzuri, kwa kuwa tarehe na kiasi vimo ndani yake. Kadi ya kuingilia, picha ya orodha ya zamu na ujumbe wa kuitwa kazini vyote vitunzwe.

Pili, aombe mkataba. Sheria inamtaka mwajiri kuandika mkataba kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuuonyesha mkataba huo, mzigo wa kuthibitisha masharti yaliyobishaniwa huwa juu yake.

Tatu, atafute njia ya amani kwanza. Kupitia chama chake, au yeye mwenyewe, aweza kupeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi, ambaye ana uwezo wa kuangalia madaftari ya mwajiri na kupatanisha. Asiporidhika, iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Tangu mwaka 2018 mahakimu wa vyeo vilivyotajwa nao waliruhusiwa kusikiliza madai ya wafanyakazi ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, na hivyo mtu wa mshahara mdogo alipunguziwa safari ndefu.

Nne, na jambo hili ndilo linalowapoteza wengi, aangalie muda. Dai la kazi lina miaka 3 tu tangu jambo lilipotokea. Madhara yakiwa ya kuendelea, ni miezi 12 tangu yalipokoma. Mtu aliyefanya kazi miaka 6 kwa malipo pungufu, akaachishwa, akaenda nyumbani Mgange kulima, kisha akarudi baada ya miaka 4 kudai, atakuta mlango umefungwa hata kama kila neno alisemalo ni kweli.

Hutokea pia kwamba kibarua huambiwa apumzike siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha huitwa tena kana kwamba ni mgeni. Siku hizo nazo ziandikwe. Mapumziko yakirudiwa kila mwezi, daftari litaonyesha kwamba kazi haikukatika kwa haja ya kazi, bali ilikatwa ili hesabu isitimie, na hakimu ataweza kuliona jambo hilo kwa macho yake.

Mwajiri naye ana faida katika haki hii. Reli na magari ya abiria hubeba roho za watu. Aliyekaza skrubu ya reli na aliyeshika breki ya gari wanatakiwa kuwa watu waliotulia, wanaojua kwamba kesho wana kazi. Kumwandika mtu wa namna hiyo kwa mwezi na kumlipa sawa na mwenzake kutamgharimu mwajiri fedha zaidi mwisho wa mwezi. Ajali moja katika mteremko wa Mwatate, au kesi moja ya watu 60 waliotunza daftari, itamgharimu zaidi ya hapo.